Pambizo si chumba cha mtihani

Tangu muhula uliopita kitivo chetu kina sharti jipya kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Kila wiki mhadhiri anapandisha makala au sura ya kitabu kwenye mfumo wa mtandaoni. Mwanafunzi anaingia, anasoma, na anaacha komenti zisizopungua tano pambizoni, ubavuni mwa mstari anaouzungumzia, ili wenzake wazione na kuzijibu. Komenti ziwe kwa Kiingereza. Zinahesabiwa, na hesabu hiyo inaingia kwenye alama za kozi. Ukikosa wiki mbili tatu, umeshaanza kuinusa sapu.

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya: wazo lenyewe nalipenda. Katika yote tuliyoletewa chuoni kwa jina la TEHAMA, hili ndilo la kwanza linalohusu kusoma kwenyewe. Mengine yote yalihusu kujisajili, kulipia na kuangalia matokeo. Kinachonikera ni vitu viwili vilivyofungwa mkiani mwake: ile hesabu na ile amri ya lugha. Vikiachwa hivi, mwakani tutakuwa na darasa zima linalojua kukomenti na halijasoma ukurasa.

Tuanze na hali yetu, maana wakubwa wakati mwingine wanazungumza kana kwamba kabla ya mfumo huu tulikuwa tunasoma vizuri. Wapi! Kitabu kinachotakiwa kiko maktaba nakala mbili, na moja haitoki nje. Mmoja wetu anakipiga picha kwa simu, kurasa zimepinda, kidole gumba kinaonekana pembeni, kinageuzwa pdf na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Tunashukuru kwa vile viganja viwili. Basi. Kuanzia hapo kila mtu anacho na karibu hakuna anayekisoma. Wiki mbili kabla ya UE ndipo madesa yanapoanza kutembea: muhtasari ulioandikwa na mtu wa mwaka juzi kutoka kwenye slaidi za mhadhiri, ambazo nazo ni muhtasari wa kitabu. Tunapiga msuli usiku kucha juu ya kivuli cha kivuli.

Jaribu kuuliza kwenye lile kundi: "Jamani, ukurasa wa 14 hapa anamaanisha nini?" Swali linapumua sekunde kumi. Linakuja tangazo la kitambulisho kilichookotwa kantini, mchango wa msiba, mtu anauza godoro kwa sababu anahama, halafu stika. Mpaka mwenye jibu anapowasha data, swali liko chini ya meseji themanini, na hata akilikuta itabidi afungue pdf, atafute ukurasa, atafute mstari. Anaacha. Swali lililobandikwa kwenye mstari wenyewe halizikwi hivyo. Anayefika pale, awe leo au wiki ijayo, analikuta palepale alipokwama mwenzake, na mara nyingi ndipo anapokwama na yeye.

Nguvu ya chombo hiki ni hiyo tu, na wala si kigeni kama tunavyodhani. Mosaic, programu iliyowafungulia watu wengi mlango wa wavuti mwaka 1993, ilikuwa na sehemu ya msomaji kuandika maelezo yake juu ya ukurasa anaousoma. Sehemu ile haikudumu. Mwaka 2017 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha viwango rasmi vya maelezo ya namna hii. Leo kuna Hypothesis, ambayo ni programu huria: ukiwa na barua pepe unafungua kundi la faragha na wenzako, mnaandika pambizoni mwa ukurasa wa wavuti au pdf, hamlipi kitu. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba masharti ya kitivo ndiyo bei ya kuwa na teknolojia.

Sasa fungua ukurasa wetu wa kitivo Jumapili saa nne usiku, mwisho wa kupokea ukiwa saa sita. Ukurasa wa kwanza umejaa njano tupu. Wa pili umejaa. Wa tatu una madoa mawili matatu. Kuanzia wa nne mpaka wa ishirini na mbili, mweupe pee. Mtu akishatimiza komenti tano ana shida gani ya kuendelea? Na komenti zenyewe: nakubaliana na mwandishi, hoja nzuri, hii ni kweli hasa katika nchi za Afrika. Zote kwa Kiingereza, bila shaka. Siku hizi zimeongezeka ndefu ndefu, zimenyooka, zina pande mbili za hoja na hitimisho, na aliyeziandika ni jamaa ninayekaa naye kiti kimoja semina, ambaye Kiingereza chake nakijua kama ninavyokijua changu. Amekata aya, ameipeleka kwenye akili mnemba, amerudi na komenti tano. Mwenzake naye amezichukua, amezipeleka kulekule, amerudi na majibu. Niliona mfululizo mmoja wa komenti kumi na moja, watu wanakubaliana na kupongezana kwa adabu zote, na sidhani kama kuna binadamu aliyehusika mahali popote. Alama wamepata wote.

Siwalaumu. Hebu fikiria aliyekwama mstari wa pili. Ukweli wake ni neno moja: sijaelewa. Akiliandika, linabaki pale na jina lake na namba yake ya usajili, darasa zima linaona, mhadhiri anaona, na linaingia kwenye hesabu ya alama. Tena aliandike kwa lugha ambayo ndiyo iliyomkwamisha kwanza. Yaani unamwambia mtu aliyenasa kwenye tope aeleze, kwa kutumia tope lilelile, namna alivyonasa. Atafanya nini? Atasifu hoja na kwenda kulala.

Na mimi nadhani hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Pambizo ni mahali pa kusema sijaelewa. Insha ni mahali pa kuonyesha ulichoelewa, mtihani vilevile, prezentesheni vilevile. Chuo kizima kimejaa mahali pa kuonyesha. Mahali pa kukwama mbele ya wenzako bila kugharimika hatuna, isipokuwa vimbweta. Nenda kwenye vimbweta jioni yoyote usikilize: karatasi mezani ni ya Kiingereza, maneno yanayopita juu yake ni ya Kiswahili. "Hapa anasema hivi." "Hapana bwana, rudia, kuna 'si' hapo." Hivyo ndivyo tunavyosoma, na tumesoma hivyo tangu kidato cha kwanza, pale wengi wetu tuliotoka shule za msingi za Kiswahili tulipokabidhiwa biolojia na jiografia kwa lugha nyingine. Mfumo mpya ungeweza kulichukua lile zungumzo la kimbweta ukaliweka pambizoni, wakalisikia hata wasiokuwa na kundi. Badala yake umeihamisha meza ukawaacha watu.

Muhula huu sisi saba tulifungua kundi letu pembeni, la faragha, lisilo na alama, na tukaweka kanuni moja: andika kwa lugha inayokujia. Tulianza na kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa. Wengi humu chuoni wanakitaja, na wanakijua kwa desa. Rodney alikuwa Mguyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya hapa kwetu. Ni kitabu cha nyumbani kwa maana hiyo. Tulidhani tutakimaliza haraka. Wiki ya kwanza hatukutoka kwenye jalada.

Mmoja aliuliza swali ambalo kwenye mfumo wa kitivo asingethubutu: hili neno la tatu la jina la kitabu si ndo tumezoea kuliona likizielezea nchi maskini? Mbona hapa limekaa kama limekosewa? Akajibiwa: halijakosewa, hapa ni kitenzi. Ulaya ndiyo mtendaji, Afrika ndiyo mtendwa. Wa tatu akaingia: haya, Kiswahili chake nini? Wee! Hapo ndipo ilipoanza.

Mtu akaweka "haikuiendeleza". Ikakataliwa palepale, maana kutomwendeleza mtu ni kumpita tu njiani. Jirani yangu sijamwendeleza na sijamfanya kitu. Akaja na "iliifukarisha". Akaambiwa umaskini wa mfukoni ni sehemu tu, hapa kuna ufundi, kuna biashara, kuna watu waliochukuliwa. Ndipo dada mmoja, ambaye mama yake ni nesi, akaandika: kliniki tunasema mtoto amedumaa. Kudumaa ni hali, kudumaza kuna aliyefanya. Kiingereza kinatumia umbo moja kwa vyote viwili, ndiyo maana macho yanateleza. Kiswahili kinakulazimisha uchague herufi. Nilisoma komenti ile nikaweka simu chini. Jina la kitabu nililoliona tangu kidato cha tano nilikuwa nalisoma kama habari ya hali, kumbe ni shitaka.

Haikuishia hapo. Mwenzetu anayetoka Burundi, ambaye Kiswahili chake kina lafudhi na msamiati wake na hakuna aliyemsahihisha, aliuliza: lakini mtoto anadumaa kwa kukosa chakula, na pengine chakula hakikuwapo, huyu Rodney si anasema chakula kilikuwapo na kuna aliyekila? Ikaibuka "kunyonya", neno la enzi za Azimio la Arusha la 1967, ambalo sisi tunaliona kama la hotuba za zamani na wazee wetu walikuwa wanalitumia kama tunavyotumia "bando". Kunyonya kunaonyesha vitu vilikokwenda. Kudumaza kunaonyesha kilichobaki. Jina linataka yote mawili kwa mpigo, na hatujapata neno moja la Kiswahili linalobeba yote. Mwenye nalo alilete, nasema kweli.

Komenti thelathini na kitu kwa neno moja. Tulipofika sura ya kwanza, ambako mwandishi anajadili maendeleo maana yake nini, mtu akacheka pambizoni kwamba sisi tunasema "nchi zinazoendelea" bila kuuliza zinaendelea na nini. Wiki tatu baadaye jaribio la kozi nyingine likaleta swali kuhusu dhana ileile. Tuliandika kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Sarufi zetu ni zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii tulikuwa na la kusema.

Kusoma maandishi ya lugha moja na kuyafafanua kwa lugha nyingine, kwa pamoja, pembezoni mwa mstari, si ubunifu wa watu saba wenye simu. Nimekulia Tanga. Ramadhani baada ya Alasiri watu wanakaa darsa msikitini: sheikh anasoma Kiarabu cha tafsiri ya Jalalayn kipande kwa kipande na kukieleza kwa Kiswahili, wenye nakala zao wanafuatilia. Jalalayn yenyewe ni kitabu cha watu wawili, Jalaluddin al-Mahalli na Jalaluddin al-Suyuti aliyekikamilisha, na maelezo yao yamepenyezwa katikati ya maneno ya aya. Halafu akaja Ahmad al-Sawi wa Misri akaiandikia hashiya, yaani maelezo ya pambizoni juu ya maelezo. Babu yangu, fundi cherehani, aliacha nakala yake. Kwa penseli, katikati ya mistari, kuna maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na sehemu kadhaa ameandika neno moja tu: uliza. Msomi wa mji mzima anaweza kuandika "uliza" kwenye kitabu chake miaka arobaini, na mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni kwetu hawezi, kwa sababu "uliza" haifikishi idadi ya maneno.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliniambia: ondoa alama uone, hakuna atakayefungua hata ukurasa. Ana hoja. Darasa lake lina watu zaidi ya mia tatu, hana msaidizi wa kutosha, na kuhesabu komenti ni kazi inayofanywa na mashine usiku yeye akiwa amelala. Lakini nimuulize kwa heshima: sasa hivi ni nani anayesoma? Alama zimenunua kubofya. Kama lengo ni kujua nani amesoma, ana semina, ana majaribio, ana insha. Pambizo alitumie kwa kitu ambacho hivyo vingine haviwezi kumpa. Jumapili usiku aangalie ni mstari gani una maswali mengi, na Jumatatu mhadhara uanzie hapo. Mtu akiona swali lake la jana ndilo lililofungua mhadhara wa leo, atarudi wiki ijayo bila kuvutwa sikio. Wasiorudi watakuwapo, sikatai. Wapo hata sasa, ila sasa wamevaa komenti tano.

Kuhusu Kiingereza, hoja ninayoisikia ni ajira na mitihani: msipoandika kwa Kiingereza mtakijulia wapi? Mimi naona tunachanganya mazoezi na mechi. Insha zetu zote zinabaki kwa Kiingereza, na hakuna kwenye kundi letu aliyeomba vinginevyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam inafundisha kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970 na haijaanguka. Mimi sijadai hata hayo. Nimedai sentimita tatu za pembeni mwa karatasi. Kwa wenzetu wachache wasiojua Kiswahili, waandike wanachoweza na mtu awatafsirie; kundini kwetu Kifaransa kidogo kimeshapita na dunia haikusimama.

Liko suala la bando, na hapa nawasema wenzangu wanaoshabikia mfumo huu bila kuangalia pembeni. Kabla bumu halijaingia kuna watu humu hawana data kwa siku kadhaa, na mfumo wenyewe ni mzito, ukurasa unazunguka mpaka unakata tamaa. Sisi tumefanya hivi: mmoja anapakua sura, anaipeleka steshenari ichapwe, na anamwambia yule kijana aachie pambizo pana pande zote. Nakala inazunguka chumba hadi chumba, watu wanaandika kwa kalamu, na mwisho wa wiki mwenye bando anazipandisha komenti zote na majina ya wenyewe. Zinachelewa, ndiyo. Lakini mwandiko wa kalamu una faida moja ambayo sikuitarajia: hakuna aliyewahi kunakili kwa mkono majibu ya akili mnemba. Uvivu nao una upande wake mzuri.

Kwa hiyo kwa Waziri wa Taaluma wa serikali yetu ya wanafunzi, ambaye najua anasoma jarida hili kwa sababu picha yake iko ukurasa wa pili: kikao na kitivo kikija, usiende kuomba mfumo ufutwe, kama wanavyotaka baadhi ya viongozi wa madarasa. Omba usomaji wa pambizoni ubaki. Komenti zitolewe kwenye hesabu ya alama, mwanafunzi aruhusiwe kuandika kwa Kiswahili na kuficha jina lake kwa wenzake akitaka, na kila sura ipatikane pia kwa kupakua mara moja, siyo lazima mtu akae hewani saa mbili. Wakikuambia alama lazima ziwepo, basi zitolewe kwa swali moja kwa wiki, swali la kweli, alichoshindwa mtu. Akili mnemba haijui ulipokwama wewe.

Kundi letu sasa liko sura ya tatu, mahali Rodney anapoeleza Afrika ilivyochangia kukua kwa Ulaya kabla ya ukoloni, na kuna aya kuhusu biashara ambayo imetushinda tangu Alhamisi. Tunasoma Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili usiku, vimbweta vya nyuma ya maktaba, upande wenye taa. Mwenye simu aje nayo, asiye na bando aje na kalamu. Mtu wa uchumi akitokea tutashukuru sana.